Vidole vya Baba na Mtetemo wa Pikipiki

Baba yangu haoni tangu utotoni. Husoma kwa vidole, kitabu cha nukta nundu, vile vinundu vidogo vilivyochomoza kwenye karatasi nene, na kanisani kwetu Makambako ndiye aliyekuwa akisoma somo kila Jumapili. Mimi ni bibi shamba, nazunguka na pikipiki kukagua viazi na maparachichi ya watu. Kijijini kwetu, upande wa Njombe, basi halifiki, kwa hiyo kazi ya kumpeleka ilikuwa yangu. Ni mwendo wa saa nzima katika baridi ya Juni, yeye nyuma ameshika keria kwa mikono miwili. Kunishika kiuno alikataa katakata. Alisema mzee wa kanisa hawezi kuingia mjini amemkumbatia binti yake kama mtoto anayepelekwa kliniki.

Jumapili moja akasimama mbele, akafungua kitabu, akaweka vidole kwenye ukurasa, akanyamaza. Nilidhani anavuta pumzi. Akasugua viganja, akarudisha vidole, akanyamaza tena. Watu wakaanza kukohoa kikohozi cha adabu. Mwishowe akafunga kitabu, akamwomba mzee mwenzake asome badala yake.

Tulipotoka nje alinieleza kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, vidole vimekufa ganzi. Nikishika kile chuma cha pikipiki yako vinawasha, halafu vinazima. Leo ukurasa wote ulikuwa kama meza tupu."

"Toka lini, baba?"

"Toka Pasaka. Mwanzoni vilikuwa vinarudi kabla ya ibada. Sasa vinarudi Jumanne."

Niliogopa vibaya sana. Mikono yangu pia ilikuwa inakufa ganzi njiani, lakini mimi nina macho, ikifa, nasubiri. Yeye vidole vikizima moja kwa moja, giza linamwingia mara ya pili. Na daktari niliyempeleka kesho yake hakutuficha: mishipa ya fahamu ikitikiswa muda mrefu, inaweza isirudi.

Nikaenda kwa fundi Makambako nikiwa na hasira ya kuwatosha watu wawili. Akanitazama nikizunguka na pikipiki mara moja, akacheka, akanisalimu kwa kilugha.

"Kamwene, dada! Huo usukani unaukaba! Shika kama umeshika kifaranga. Unavyozidi kukaza ndivyo mtetemo unavyopanda mpaka begani."

Akanibadilishia mipira ya usukani akaweka minene, akapunguza upepo uliozidi kwenye matairi, akaizungushia keria sponji. Nisiseme uongo, mikono yangu ilipata nafuu wiki ileile, na nilimchukia kidogo kwa kuwa alikuwa sahihi. Lakini Jumapili baba, pamoja na sponji na glavu za sufu, alishuka bado anakung'uta vidole hewani. Siku hiyo aliwaambia wazee wenzake wamtafute msomaji mwingine, wa kudumu.

Jumatano, vidole vilipokuwa vimerudi, aliniambia niiwashe pikipiki uani ingali ya baridi. Nilisimama nimeshika kiuno, maana wakulima wangu walikuwa wananisubiri. Akaanza na usukani, akashuka kwenye tangi, akaifuata fremu polepole, vile vile anavyofuata mstari kitabuni. Chini ya tangi akasimama.

"Ongeza mafuta kidogo."

Nikaongeza.

"Punguza. Ongeza. Hapa! Kwingine kote inaunguruma. Hapa inagonga."

Nikazima, nikapiga magoti, nikamulika kwa simu. Ilikuwa bolti inayoshikilia injini kwenye fremu. Kichwa kimekaa mahali pake, nati imekaa mahali pake, hakuna hata kutu.

"Baba, imekaza kabisa. Naiona kwa macho yangu."

"Ndiyo shida yako," akasema.

Nikachukua spana ili nimwonyeshe. Kichwa kikachomoka mkononi mwangu na nusu ya bolti. Nusu nyingine ikabaki ndani. Ilikuwa imekatikia katikati, ndani ya tundu, ambako jicho la mtu halifiki. Muda wote ule injini ilikuwa inachezacheza, nami napishana na malori ya Songea nikijiona dereva. Nilikaa kwenye majani yenye umande nikavitazama vile vidole vyembamba vya mzee. Nimesoma chuo miaka mitatu, na sijawahi kuona elimu kama ile. Baba aliomba maji ya kunawa.

Fundi alipoweka bolti mpya aliigeuzageuza ile ya zamani akisema "aisee, aisee" mpaka nikamwambia basi.

Jumapili iliyofuata wazee walikuwa bado hawajapata msomaji mwingine, na baba alipanda na kitabu chake ndani ya koti. Tulipofika kanisani akashuka, lakini hakuingia. Alifungua kitabu chake juu ya kiti cha pikipiki, upepo ukimpeperusha koti, akaweka kidole. Kidole kikaenda, kikaenda, kikarudi nyuma, kikasimama.

"Haisomeki?" nikauliza.

"Inasomeka. Ila hapa pana nukta moja imepungua."

Akakishika kidole changu akakiweka palepale. Nilihisi karatasi tu.

"Walisahau kuichapa?"

"Hapana. Nilipokuwa kijana ilikuwepo," akasema. "Nimeifuta mwenyewe kwa kusoma."

Akafunga kitabu, akanyoosha koti lake, akaingia kusoma.