Hodi ya Mlango wa Jikoni

Mjukuu wangu kalinunua gofu la yule mzungu wa mkonge, kalifanya nyumba tena. Nani ana mjukuu kama wangu? Maji ya mvua, umeme wa jua, maziwa ya mbuzi wake. Dukani tunafuata chumvi tu. Leo kapaka sakafu nta, harufu imenipiga kama kofi.

Sakafu hii mama, mtumishi wa mzungu huyo, aliisugua kwa kumbi la nazi. Siku moja homa ilinishika, nikamfuata juani. Nikasimama mlango wa jikoni, nikapiga hodi. Ndani kumbi likaendelea: kwaru, kwaru. Hodi ya pili, likanyamaza. Ya tatu, kimya. Na sisi tulifundishwa, hodi ya tatu isipoitikiwa, rudi kwenu. Nikarudi nalia.

Jioni mama akanipakata. "Nilikusikia, mwanangu. Nyumba si yangu, ningekukaribishaje?"

Leo mjukuu alipokwenda bandani, nikabaki peke yangu. Upepo ukagonga mlango wa jikoni.

"Karibu, mwanangu, pita!"

"Bibi, unaongea na nani?" akauliza kutoka nje.

"Kamua mbuzi wako, mdadisi we!"

Mlango ukagongwa tena. Sikungoja mara ya tatu, nikainuka, nikaufungua.