Karai la Mama Zuhura

Nakumbuka Jumapili moja ya mvua hapa Bulyaga, nina mwaka mmoja tu kwenye ndoa na kichwa kimejaa maringo. Kaka yangu alikuwa akipika kwenye kambi ya Wachina waliojenga barabara, akanifundisha kukaanga nguruwe kwa namna yao: unamkata vipande vyembamba, unavilaza kwenye sosi ya soya na tangawizi, unavipaka yai na unga, unavizamisha kwenye mafuta mengi, kisha unavigeuza na hoho, siki na sukari kidogo. Wewe mwanangu umeyaona mapishi hayo kwenye simu juzi, unadhani ni mapya.

Walimu wenzake na mume wangu walikuwa wanakuja kula, na sufuria zangu zilikuwa nyepesi, zinaunguza. Jirani yangu Mama Zuhura, nesi aliyehamishiwa huku kutoka Lindi, alikuwa na karai zito la chuma aliloachiwa na mama yake. Mimba yangu ya kwanza ilipotoka, ndiye aliyekaa nami kutwa nzima. Alikuwa Mwislamu wa swala tano. Nikaenda mlangoni kwake, nikamwambia nataka kukaanga maandazi.

"Chukua, mdogo wangu," alisema. "Kazi yake si hiyo?"

Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini mimi nilitaka kusifiwa. Na nilisifiwa. Kisha nikalisugua karai kwa majivu na limau, likang'aa, nikalirudisha. Nilijiambia asilolijua halitamdhuru. Upumbavu ulioje! Ramadhani ikaingia, na kila jioni Mama Zuhura aliniletea kalimati alizokaanga kwenye karai lilelile. Nilizila, nikashukuru, nikanyamaza.

Njia ya mwongo ni fupi. Siku ya Idi Mama Zuhura alitualika kwake pamoja na walimu wale, na mmoja wao, wala hakuwa na nia mbaya, akanitania mbele yake: "Shemeji, ndaga fijo, asante sana kwa ile kitimoto ya Kichina! Tulilikomba lile karai kubwa la chuma mpaka chini."

Mama Zuhura akanigeukia. "Karai gani?"

Akaniita jikoni, akasema kwa sauti ya chini, "Ungeniambia siku ileile, ningeliosha mara saba, moja kwa udongo, yakaisha. Umeniacha nifuturu nalo mwezi mzima, nawe unakula pamoja nami."

Nilipiga magoti. Alisema amenisamehe, na naamini alinisamehe. Lakini tangu siku ile hakupokea kwangu hata kikombe cha maji. Ilibaki salamu tu ya kwenye uzio. Baada ya miezi michache akahamishwa, akaondoka bila kuniaga. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa mikononi mwa watu nisiowajua, nikimlilia Mama Zuhura. Nimezeeka, na uchungu ule haujapungua hata kidogo.

Basi sikiliza, mwanangu. Kula nguruwe si kosa kwetu, ni chakula chetu. Kosa ni kumwamulia mwenzako kwa siri jambo ambalo dini yake inamkataza. Ukiazima chombo, taja unachokwenda kupika, hata kama utanyimwa. Kunyimwa ni aibu ya siku moja. Na ukishakosea, sema kabla mwenzako hajatia tonge mdomoni, maana unaweza kupewa msamaha na bado ukampoteza mtu. Mungu akupe jirani mwema kama niliyepewa mimi, na akupe ulimi wa kweli wa kukaa naye mpaka uzee.