Hajjati na Dari la Roma

Mama alinikataza kulitaja neno Roma ndani ya nyumba yetu ya Tottenham madirisha yakiwa wazi. Kwao Unguja safari haisemwi mpaka mtu ameshafika. Ukikutwa unafunga mizigo na ukaulizwa, unasema unapanga kabati. Mimi pia nililelewa hivyo, lakini London ilikuwa imeshaniharibu, nikazoea kupanga mambo na kuyasema, kwa hiyo tuligombana karibu kila siku.

Safari yenyewe ilikuwa ya Vatikani, kwenye makumbusho ya Papa, kuona dari la kanisa moja lililojaa picha. Mama ni Mwislamu aliyehiji, na msikitini hakuna anayemwita kwa jina. Wote humwita Hajjati. Ila utotoni, kabla ya Mapinduzi, alisoma skuli ya masista pale Mjini. Darasani kulitundikwa nakala ya sehemu ya dari hilo: mikono miwili inayotafutana. Mchwa walikuwa wameitoboa karatasi katikati, pale pale vidole vinapokaribiana, na sista aliyewafundisha hakusema kilichokuwapo. Aliwaambia tu kwamba picha yenyewe iko Roma, na mtu huitazama mpaka shingo imuume. Mama alikua, akaolewa, akahama nchi, na hakujua kama vidole vile vinagusana. Mimi nilijua, kwani picha ile iko kila mahali hapa, hata kwenye vikombe. Kila nilipofungua mdomo alinizuia.

"Usiniambie. Mie nataka kuona kwa macho yangu."

Tatizo lilikuwa hayo macho. Alikuwa na presha ya macho, ule ugonjwa unaoila nuru kutoka pembeni, na daktari alishatuambia kwamba kinachopotea hakirudi. Ndiyo maana nilipanga safari mbio mbio. Tungeingia asubuhi, wakati macho yake yana nguvu, twende moja kwa moja kwenye dari, sanamu na mazulia baadaye. Yeye alipanga kuchukua kioo chake cha mkono, akiweke mapajani alione dari bila kuvunjika shingo. Nilipomsomea masharti ya mavazi, kwamba mabega na magoti lazima yafunikwe, alicheka sana. "Hayo si masharti, hizo ndizo nguo zangu."

Kilichobaki kilikuwa viza. Mimi nilikuwa na pasipoti ya hapa, yeye alikataa kuiacha ya Tanzania. Tukapeleka maombi, tukasubiri. Siku ya safari ilizidi kukaribia na jibu halikuja. Nilikuwa nikirudi kutoka kazini naangalia barua mlangoni kabla sijavua koti.

Jioni moja nilimkuta jikoni, amechangamka.

"Leo shoga yangu wa Barking kamtuma bintiye anichunguze," alisema. "Nimemkomesha."

Shoga huyo, rafiki yake wa mtaa mwingine wa London, ndiye Mama aliyemwogopa kuliko wote, kwa sababu habari ikimfikia yeye imeshafika msikitini, na Mama hakutaka kuulizwa Hajjati anafuata nini kwa Papa. Binti yake amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia, lakini hujibu kwa Kiingereza.

"Kakuuliza nini?"

"Kapiga simu, na Kizungu chake kile. Ati ni kweli wasafiri kwenda Roma? Nikamwambia mie siendi popote, naumwa, hata ngazi sishuki."

Nilivuta kiti nikakaa. "Alisema ni nani?"

"Kasema anapiga kutoka ofisi ya viza. Watu wana uongo, mwanangu."

Nilikuwa na hasira, na nilijua nikisema nitamvunjia heshima. Alinitazama, kisha akauweka mwiko chini taratibu. Alikuwa ameshaelewa kwamba simu ilikuwa ya ofisi kweli.

Asubuhi tulikwenda ofisini bila miadi. Tangu mwezi wa Ramadhani alikuwa akinitaka nitembee upande wake wa kushoto, na nilidhani ni maringo ya Hajjati, anataka msaidizi. Siku ile nilikuwa nimenuna, nikatangulia mbele. Akamgonga mtu, akamwomba radhi, akaniita.

Dirishani alikuwapo mama mmoja mwenye miwani. Alifungua faili, akasema kwa upole kwamba mwombaji mwenyewe amekana safari na amesema ni mgonjwa. Nikaeleza kwamba kwetu safari hufichwa. Nilijisikia nikitoa sababu ya kitoto. Akauliza kama hatuwezi kuomba upya baadaye, mgonjwa akishapona.

Mama anakijua Kiingereza, masista walimfundisha vizuri. Lakini alinigeukia mimi, akasema kwa Kiswahili, polepole:

"Mwambie baadaye sina. Jicho la kushoto limeshakwenda, tangu Ramadhani. Hili la kulia naona kama nachungulia tundu la ufunguo. Mwambie hivyo hivyo."

Nilimwangalia. Miezi yote hiyo nimeishi naye, nimekula naye, na jicho nalo alilificha kama alivyoificha safari. Ilinibidi niyageuze maneno yake kwa Kiingereza pale dirishani, neno kwa neno. Niliumia kwamba nimeyasikia mbele ya mgeni. Yule mama alivua miwani, akaifuta, akaandika kwa muda. Akatuambia turudi kesho kuchukua pasipoti.

Njiani kurudi nilikuwa kushoto kwake, nimemshika mkono. Tukafika nyumbani. Aliingia na buibui lake, akaenda kwenye simu, akaniomba nimpigie namba ya Barking kwa sababu vitufe havioni vyema. Dirisha lilikuwa wazi na hakuniambia nilifunge.

"Shoga, n'nakwenda Roma," alisema. "Ndiyo, huko huko, kwa Papa. Mwambie umtakaye."

Upande wa pili maneno yalikuwa mengi. Mama alisikiliza, kichwa amekigeuza kidogo ili jicho la kulia linione.

"Vidole," alijibu mwishowe. "N'nakwenda kuangalia vidole. Na wewe kama wajua, usiniambie. Niombee tu niwahi."