Filamu Iliyorekodiwa Siku ya Sabato

Kwa miaka mingi nimeandika na kutengeneza filamu za kutisha hapa Migori, kwa kamera moja na waigizaji kutoka kwaya ya kanisa letu. Sharti langu lilikuwa moja: Jumamosi, siku ya Sabato, hatushiki kamera. Mpiga picha wangu, mzee wa kanisa kama mimi, alilijua vizuri.

Filamu ya mzimu wa mgodi wa Macalder niliiandika iishe kwa maombi, mzimu uondoke. Tulipoionyesha mara ya kwanza Karungu, mzimu haukuondoka. Uliwafukuza watu hadi shimoni, nao walikuwa wamevaa sare nyeupe za kwaya, ambazo huvaliwa Sabato tu. Nikakumbuka Jumamosi niliyoalikwa kuhubiri Homa Bay. Walirekodi siku hiyo, mpiga picha na kwaya yote, na niliporudi jioni waliniuliza mahubiri yalikwendaje.

"Watu wanataka kuogopa, Mzee," mpiga picha aliniambia nje ya ukumbi. "Maombi wanayapata kanisani."

"Basi ondoa jina langu."

"Nitaliondoaje? Jina lako ndilo linawaleta watu wa kanisa."

Namshukuru Mungu kwa kazi hii, imenisaidia kulea watoto. Lakini Sabato iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa nikasema filamu ile si yangu. Hakuna aliyeniangalia. Kisha kwaya ikasimama na sare zake, ikaimba vizuri kama kawaida. Niliomba nipewe moyo wa kuimba nao. Siku hiyo sikuupata.