Mbwa Aliyekimbiza Kuku

Nikifungua mfuko wa omena, wale dagaa wakavu, jikoni, ile harufu hunirudisha uani kwetu, kwa mbwa aliyekimbiza kuku. Baba alikuwa amesema asipoacha, Jumamosi anampeleka kwa rafiki yake kule Muthara.

Nikaanza kumfunza. Kila alipomwacha kuku na kunijia, nilimpa omena moja. Siku ya tatu alikuwa anamkimbiza kuku makusudi, anamwacha, halafu anakuja kukaa mbele yangu kudai. Nilimfokea hadi sauti ikakauka. Akatikisa mkia.

Cucu, nyanya yangu, aliyekuwa akichambua kunde hapo karibu, akaniambia, "Unamlipa afukuze kuku. Mpe akiwa ametulia."

"Lakini cucu, akitulia si hajafanya kitu?"

"Na wewe unataka afanye nini?"

Nikaketi na mbwa katikati ya kuku, nikimpa omena kila alipotulia, siku baada ya siku.

Jumamosi Baba alitoka na kamba. Kuku mmoja alipita karibu na pua ya mbwa, naye akabaki ananitazama mimi.

"Huyu ni mgonjwa?" Baba aliuliza.

"Hapana, Baba."

Akaenda kumfunga ng'ombe kwa ile kamba.