Miezi Miwili na Utitiri wa Chatu

Mume wangu ni Msukuma wa Magu, na kabla hajanioa alikuwa akicheza ngoma ya nyoka na kikundi cha kwao. Hilo nililijua tangu mwanzo, maana mara ya kwanza kumwona alikuwa uwanjani hapa Bukoba, chatu shingoni, jasho likimtiririka. Nisilolijua ni kwamba chatu atakuja kuishi nasi. Tulipopanga nyumba Kibeta, sanduku la mbao la yule nyoka liliingia ndani kabla ya kitanda. Kibali cha kumfuga kilikuwa cha kikundi, lakini aliyekuwa akilala naye chini ya paa moja ni mimi.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea chumba cha mbele, na chatu alikaa chumba cha nyuma. Tuliishi hivyo miaka sita bila ugomvi: simgusi, hanisumbui. Kisha baba mkwe akaugua, na mume wangu akaenda Magu kumuuguza. Aliniambia ni wiki mbili tu, na kazi yangu ni kubadilisha maji na kumtupia panya siku ya kula. Hakuniuliza kama nitaweza. Alinionyesha tu komeo la sanduku linavyofungwa, akaondoka.

Wiki ya tatu, mume wangu akiwa bado Magu, nilimkuta chatu amejikunja ndani ya beseni lake la maji, pua tu ndiyo iko nje. Nilidhani anasikia joto, ingawa ilikuwa masika na nguo zangu zilikuwa na siku tatu kambani bila kukauka. Kesho yake alikuwa bado humo, na panya hakumgusa. Nilipomwaga maji niliona chini ya beseni punje nyeusi, ndogo kama pilipili manga iliyosagwa. Nilidhani ni uchafu. Halafu punje moja ikaanza kutembea kwenye kifundo cha mkono wangu.

Nilimpigia simu mume wangu. Alisema ni utitiri wa nyoka, unakaa chini ya magamba na kunyonya damu. Nimwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, nimpake mafuta ya kula kidogo kuzunguka macho na chini ya kidevu, utakwisha. Alisema hivyo kama mtu anayenituma kuosha vyombo. Nilimkumbusha kwamba sijawahi kumshika. Akasema nyoka huyo ni mpole kuliko mimi.

Nilimwogesha. Alikuwa mzito kama mtoto wa miaka miwili, na mkavu, tofauti na nilivyofikiri. Nilikaa naye uani nusu saa nzima, mkono mmoja umeshika kichwa kisizame, huku utitiri ukielea juu ya maji. Nilijisifu. Nikamfuta, nikamrudisha kwenye sanduku lake, nikanawa mikono mara tatu. Siku ya nne akarudi kwenye beseni, na punje nyeusi zikarudi naye.

Nikaenda mjini kwenye duka la dawa za mifugo. Muuzaji aliposikia ni nyoka alicheka mpaka akatoka nje kumwambia jirani yake. Mwishowe akanipa dawa ya unga ya kuku, akasema huenda ikafaa. Nilimpigia tena mume wangu, naye akasema nimpake mwili mzima, nisiogope. Nilimpaka mwili mzima. Asubuhi iliyofuata nilimkuta amepinda shingo, kichwa kinatazama juu, mdomo wazi, na nikimgeuza hawezi kujirudisha. Nilimbeba mbio hadi uani nikammwagia maji, ndoo baada ya ndoo, karibu asubuhi nzima. Mchana shingo ilianza kunyooka. Nilipomweleza mume wangu alisema, "Umezidisha."

Nilikata simu. Nililia, na siwezi kusema ni kwa huruma. Nililia kwa hasira, kwa sababu mtu aliyeniambia nisiogope alikuwa amekaa mbali na mikono yake safi.

Jambo lililonimaliza lilitokea Jumatano ya wiki ile. Mama mmoja wa Bilele, shangazi wa bibi harusi, alikuja kuchukua gauni jeupe nililokuwa nimelimaliza. Nililikunjua mbele yake mezani. Kwenye ukosi, doa jeusi likaanza kutembea. Mama yule hakupiga kelele. Aliomba gauni na vitambaa vyote alivyokuwa ameniachia, akavikunja taratibu, akaaga vizuri. Kabla ya Ijumaa wateja wengine watatu wa Bilele walikuwa wamekuja kuchukua vitambaa vyao, kila mmoja na sababu yake.

Nilimpigia mama yangu, aliyeko Ijumbi, Muleba. Mama ni mkulima wa migomba na kahawa, mtu wa rozari na jembe, na hakuwahi kukanyaga nyumba yangu tangu aliposikia kuna enjoka ndani. Nilimwambia nataka kutoa vitu vyote nje na kuisafisha nyumba, lakini sina pa kumweka nyoka. Kisha akasema nimlete, ila haingii nyumbani kwake, atakaa kwenye banda la kuhifadhia kahawa.

Jirani yetu mwenye pikapu alikuwa akienda Muleba, akanibeba. Chatu alikuwa ndani ya mfuko wa kitambaa, mfuko ndani ya pipa la plastiki lenye mfuniko niliotoboa matundu. Mama alitupokea mwanzoni mwa kibanja chake cha migomba, akasimama mbali kidogo na pipa. Nilimsimulia yote, kuanzia maji ya uvuguvugu hadi dawa ya unga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Hilo sanduku lake ni la mbao?"

Nikasema ndiyo.

"Mwana wange, mimi kuku nikimpaka dawa nikamrudisha kwenye kiota kilekile, kesho yake wadudu wamempanda tena. Unamwogesha nyoka, halafu unamlaza kwenye mayai yao."

Nilijisikia mjinga. Nimekua katikati ya kuku wa mama huyo huyo, na mara ngapi nilitumwa kuchoma viota.

Nilimwacha chatu Ijumbi kwenye pipa, juu ya magazeti matupu, nikarudi Kibeta. Nilibandua ubao mmoja wa sanduku kwa nyundo. Kwenye maungio wadudu walikuwa wamejazana, weusi, wanatambaa mmoja juu ya mwingine. Nilililoweka mafuta ya taa na kulichoma uani lote, na komeo lake. Kisha nikamwaga maji ya moto kwenye kila ufa wa sakafu, nikachemsha nguo, pazia, hata kitambaa cha kufunikia cherehani. Kwa mwezi mzima nilikuwa nikienda Ijumbi kila siku ya tano kumwogesha chatu na kubadilisha magazeti, ili watakaoanguliwa wasipate siku ya kutaga. Mama alitazama kutoka mlangoni. Safari ya tatu alileta birika la maji yeye mwenyewe. Ya nne akaniambia nimfute vizuri chini ya kidevu.

Mume wangu alirudi, baba yake akiwa amepata nafuu, nami nikiwa nimeshamrudisha chatu Kibeta na pipa lake. Alimshika chatu, akamkagua macho, kidevu na tumbo, asione hata punje moja. Sikusikia asante. Aliuliza sanduku liko wapi. Nilipomwambia nimelichoma alikasirika, maana lilitengenezwa na mwenzake wa kikundi ambaye sasa ni marehemu. Nilimsikitikia, lakini sikuomba radhi.

Wiki mbili baadaye alirudi kutoka kwenye onyesho na nyoka wa pili, wa kuazima, akamweka kwenye pipa lilelile pamoja na wetu. Siku ya sita wote wawili walikuwa wanang'ang'ania beseni la maji.

"Safari hii utaogesha wewe," nilimwambia.

Aliogesha. Kila siku ya tano, nusu saa kwa kila nyoka, mgongo unamuuma, magazeti anabadilisha mwenyewe. Mimi nilikuwa chumba cha mbele nikishona sare za shule, kwa sababu kazi za harusi zilikuwa bado hazijarudi. Aliniita mara moja kuniuliza maji yanatakiwa yawe moto kiasi gani. Nilimjibu kwa sauti kutoka palepale nilipokaa, bila kuacha kushona.