Kuku wa Dirishani

Jirani yangu Mfilipino hapa ughaibuni, mtaani Etterbeek, ndiye aliyenifundisha kukaanga kuku kwa mtindo wa kwao: mchemshe mzima na mchaichai, kisha mwache akauke kwa upepo kabla ya kumtia kwenye mafuta, ngozi ivunjike mdomoni kama biskuti.

Basi Jumamosi moja nilimfunga wangu miguu kwa uzi mwekundu, nikamning'iniza kwenye dirisha lililo wazi. Jioni akina maman wa kikundi cha maombi wangekuja kula kwangu kwa mara ya kwanza. Jua la vuli lilimgeuza kuku kuwa dhahabu, akawa anazunguka polepole, polepole, nami namtazama kutoka kwenye kochi mpaka usingizi ukanichukua.

Nikasikia nyimbo. Nilidhani nimefika mbinguni, kumbe zinatoka chini barabarani. Nikashuka nikiwa bado nusu ndotoni, nikawakuta wageni wangu mlangoni wameinua mikono.

"Alors, ingia mu maombi," Maman Godelive akaniambia. "Kuko muntu mu hii nyumba anafanya bulozi."

Uchawi, katika jengo langu? Niliomba kuwashinda wote. Niliita moto ushuke juu ya huyo mtu na jiko lake. Nilimkanyaga shetani mpaka kandambili ikakatika.

"Donc, unajua nani anaikala pale?" akaniuliza, kidole juu.

Nikafumbua macho. Ghorofa ya pili, katika mwanga laini, kuku wangu alikuwa bado anazunguka polepole, uzi mwekundu miguuni.

"Maman," nikasema, "ile ni chakula yenu."